Kufua tanki la pikipiki kwa mkono: mwongozo wa kazi ya uani, Mtwara

Tanki linalowashinda wengi ni lile lenye tumbo: juu limejaa, ubavuni limebonyea pa kuwekea magoti, na nyuma linasinyaa taratibu kuelekea kiti. Umbo la namna hiyo halipatikani kwa kukunja peke yake. Ukilikunja bati unapata kona au bomba, basi. Ili lipate tumbo, bati lenyewe lazima libadilike ukubwa: mahali fulani litanuke na kuwa jembamba, mahali pengine lijikusanye na kuwa nene. Anayejua wapi atanue na wapi akusanye atatengeneza tanki la maana kwa nyundo ya mbao, mfuko wa mchanga na gogo. Asiyejua, hata umpe karakana nzima, atatoa sanduku.

Nawaandikia vijana wa Chikongola, Magomeni, Mikindani, Masasi, na wenzetu wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, wenye Boxer, TVS au Haojue na wanaotaka chombo kisichofanana na cha jirani. Vifaa vyote ninavyovitaja vinapatikana huku kwetu.

Kwanza, mvuke wa petroli

Ukitumia bati jipya mwanzo hadi mwisho, hatari ya moto ni ndogo. Lakini karibu kila mtu huanza na tanki la zamani, kwa sababu anataka shingo ya mfuniko, kiti cha koki, na ule mgongo wa chini unaokalia chesisi. Hapo ndipo watu wanapoungua.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la pwani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo unatuama ndani ya tanki na hautoki kwa kuachiwa tundu moja wazi. Hewa ikiwa na mvuke wa asilimia 1.4 tu mpaka 7.6, cheche moja inatosha kulipua. Ndiyo maana tanki lililomwagwa mafuta likabaki na harufu tu ni baya kuliko lililojaa.

Toa mafuta yote, koki na geji ya mafuta. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Liache wazi juani kwa siku kadhaa. Siku ya kukata, lijaze maji mpaka karibu na mstari wa kukatia, kisha kata kwa msumeno wa mkono. Grenda iache kabisa, maana cheche zake zinatosha kuanzisha moto. Usijiridhishe kwa kunusa: mafuta yaliyojificha chini ya kutu na ndani ya mishono hutoa mvuke tena yakipata joto. Vipande vya tanki la zamani viwekwe motoni pale tu vimeshafunguliwa kabisa na kusuguliwa hadi bati likawa jeupe pande zote mbili. Tanki lililowahi kubeba petroli, likiwa bado limefungwa, halichomelewi uani kwako. Peleka neno hili hata kwa rafiki yako mwenye haraka.

Mapipa ya lita 200 yana bati zuri la kazi hii, na watu wengi huyatumia, lakini yafanyie usafi uleule. Hujui lilibeba nini kabla halijakufikia.

Bati lenyewe

Nunua shiti nyeusi, ile isiyopakwa zinki, ya geji 20. Unene wake ni kama milimita 0.9. Geji 18 ina milimita 1.2, ni imara lakini itakuchosha mkono kabla haijakubali umbo. Geji 22 inafuliwa kwa raha, ila ikifika kwenye kuchomelea inatoboka upesi. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ya geji 20 ina uzito wa kilo 21 hivi, na tanki moja halifiki nusu yake, kwa hiyo changeni wawili.

Bati la kuezekea usilijaribu. Ni jembamba, ni gumu, na lina zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi wakati chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 na zaidi, maana yake kabla mshono haujaanza kushika, zinki imeshageuka moshi mweupe. Moshi huo huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyohiyo, na mshono unabaki na vitundu kama umeliwa na mchwa.

Ukilileta bati nyumbani, lipake mafuta mepesi. Hewa ya bahari huku haina subira: bati tupu lililolala nje usiku mmoja linaamka na madoa ya kutu.

Vifaa

Unahitaji nyundo mbili za mbao, moja yenye kichwa cha mviringo, nyingine bapa. Huku tuna bahati ya mpingo. Kwa wachonga vinyago hubaki vipande vifupi visivyotosha kinyago, nawe ukipata chenye upana wa kiganja umepata kichwa cha nyundo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama, kwa hiyo nyundo ndogo inapiga kwa nguvu bila kulichubua bati. Kichonge ili upige kwa upande ambao nyuzi za mti zimesimama. Ukipiga kwa ubavu kitapasuka.

Mfuko wa mchanga ushone kwa turubai nzito, mikunjo miwili, au kwa ngozi kama unayo. Gunia la korosho peke yake halifai, mchanga utavuja kila pigo. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa na kukaushwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu huo unaishia kwenye bati lako. Jaza robo tatu, ufunge mdomo, ili mfuko ukubali kubonyea lakini usikimbie chini ya pigo.

Gogo la mwembe au mkorosho lililokauka, urefu wa kufika kiunoni, lichonge shimo juu yake lenye upana wa sentimita 15 na kina cha 3 au 4, kingo zake ziwe laini. Kisha tafuta vyuma vya kupigia juu yake: kipande cha reli, bomba nene, gololi ya kuvutia trela, kichwa cha nyundo kubwa ya zamani. Visugue kwa msasa mpaka ving'ae. Kila mkwaruzo ulio juu ya chuma hicho utajichapa kwenye tanki.

Vilivyobaki ni vya kawaida: mkasi wa bati, tupa, vaisgripu (koleo za kujifunga) nne au tano, engo mbili (vyuma vya pembe) za kukunjia, grenda, glovu na vizibo vya masikio. Bati linapiga kelele kali karibu na uso wako. Na majirani nao wana masikio. Nyundo ziache wakati wa adhana na baada ya magharibi.

Pima, kisha jenga kiunzi

Vua tanki la zamani, usimamishe pikipiki sawasawa, ukae juu yake. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uweke alama mahali unapofika. Kati ya usukani na tanki uache nafasi ya vidole vyako kupita bila kubanwa. Chini, acha angalau sentimita 3 kutoka kichwa cha injini, na uhakikishe plagi inaweza kufunguliwa bila kuvua tanki. Angalia nyaya za klachi na akselereta zinapita wapi.

Ujazo unapigiwa hesabu mapema, kwa kuwa lita moja ni sentimita 1,000 za ujazo. Tuseme tanki lina urefu wa sentimita 45, upana 24 na kina 16: hiyo ni 17,280. Toa nafasi ya mgongo wa chesisi, tuseme 45 kwa 8 kwa 8, ambayo ni 2,880. Inabaki 14,400. Mviringo wa kona na mabonyeo ya magoti hula kama theluthi, hivyo utabaki na lita 9 au 10. Lita 10 za petroli zina uzito wa kilo 7.4 hivi, mzigo mdogo, lakini kumbuka utaruka nao kwenye kila shimo kati ya Tandahimba na Newala.

Kiunzi kitengeneze kwa waya wa milimita 4 au nondo ya milimita 6. Anza na mstari wa katikati, kutoka shingo ya usukani mpaka kiti. Ongeza mstari wa chini kila upande, kisha mbavu za kuvuka kila baada ya sentimita 8 au 10. Kifunge juu ya chesisi, rudi hatua kadhaa, kitazame kwa ubavu, kwa mbele, kwa juu. Huu ndio wakati wa kubadili mawazo, kwa sababu waya unakunjika bure. Kaa juu yake, bana magoti. Ukiona paja linagusa ubavu wa waya, goti litachoka barabarani.

Karatasi inasema ukweli

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayotofautisha fundi na mpiga bati. Chukua karatasi ya khaki, ilaze juu ya upande mmoja wa kiunzi kuanzia mahali palipojaa zaidi, na uibane kwa selotepu ukielekea pembeni.

Karatasi haitanuki wala haijikusanyi, kwa hiyo itakuambia kila kitu. Mahali inapozidi na kufanya mikunjo, bati litapaswa kukusanywa. Mahali inapogoma kulala mpaka uipasue, na mpasuko ukafunguka, bati litapaswa kutanuliwa kwa kiasi cha upana wa mpasuko huo. Chora kwa kalamu: mikunjo alama moja, mipasuko alama nyingine. Ukimaliza, ifungue na uiweke chini. Hiyo ni ramani ya kazi yako yote.

Ukiona mikunjo imejaa sana mahali pamoja, mathalani kwenye pua ya mbele, usijitese. Weka mshono pale, upate kipande cha ziada. Kwa tanki la kwanza nashauri vipande sita: mbavu mbili zinazokutana juu katikati, pua, mgongo wa chesisi, na sakafu mbili, kushoto na kulia. Mshono mmoja zaidi unaochomelewa vizuri hauna aibu yoyote.

Hamishia ramani kwenye bati, ongeza milimita 15 hadi 20 kila upande, ukate. Piga tupa kingo zote. Ufa wowote unaotokea wakati wa kufua karibu kila mara huanzia kwenye mkato mbaya wa ukingoni.

Kufua

Weka kipande juu ya mfuko wa mchanga au juu ya shimo la gogo, upande wa ndani ukikutazama. Kwa nyundo ya mviringo anza kupiga sentimita chache kutoka ukingoni, zunguka, kisha ingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka katikati ya tumbo. Mapigo yawe ya nguvu sawa, kila moja liguse nusu ya alama ya pigo lililotangulia. Bati litaonekana baya, lina matuta tele. Usishtuke, ndivyo linavyoanza. Usilenge kupiga sana mahali pamoja ili lishuke haraka. Hapo ndipo linapokonda na kupasuka.

Baada ya mzunguko wa kwanza au wa pili, kingo zitaanza kujipinda zenyewe na kufanya mawimbi, mithili ya marinda ya sketi ya shule. Mawimbi hayo ndiyo bati linalozidi, ndilo lile ambalo karatasi ilikuonyesha. Fundi asiyejua huyapasua kwa mkasi na kuyachomelea. Wewe utayakusanya.

Tazama wimbi moja kwa karibu. Lina kuta mbili na mgongo. Likamate kwa uma uliotengenezwa kwa nondo mbili za milimita 8 zilizochomelewa kwenye mpini, zungusha kidogo, ili mkunjo uwe na kina cha sentimita 3 au 4 kuingia ndani ya bati na uwe mwembamba mwishoni. Sasa liweke juu ya chuma, siyo mchangani, kwa sababu mchanga utaliruhusu kukimbia. Kwa nyundo ngumu gonga kwanza kuta, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka zisiweze kufunguka nje. Zikishabanwa, shusha mgongo kwa mapigo mafupi ya haraka. Bati halina pa kwenda, linaingia ndani ya lenyewe. Pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo ule baadaye: utahisi umekuwa mnene kuliko ulivyokuwa. Jambo moja la kuchunga ni mgongo usilale ubavuni ukajifunga juu ya bati. Ukiona unaanza kulala, simama, ufungue kwa koleo, uanze upya, kwa sababu mkunjo uliolaliana utapasuka mbele ya safari.

Endelea hivyo: tumbo kidogo mchangani, kingo kidogo kwenye chuma, kisha kiunzini. Usitanue tumbo mpaka mwisho ndipo ukumbuke kingo. Vikienda pamoja, kipande kinajilaza kiunzini chenyewe, huhitaji kukilazimisha kwa klempu. Tanki lililofungwa kwa nguvu za klempu litajikunja siku ya kuchomelea.

Bonyeo la goti linafuliwa kinyume: geuza kipande, upande wa nje ukutazame, upige mchangani taratibu. Mpaka kati ya tumbo na bonyeo ndiyo sehemu inayompa mtu tanki lenye sura, kwa hiyo ichore kwa chaki, uipige juu ya bomba nene kwa nyundo bapa ili mstari utoke safi. Mahali ambapo ukingo unatakiwa kurefuka, gonga bati kati ya nyundo ya chuma na chuma cha chini. Likibanwa hivyo linakonda na kutanuka.

Bati linachoka. Ukiligonga muda mrefu, sauti yake inapanda, linaanza kulia, na nyundo inadunda badala ya kuingia. Likifikia hapo, lilainishe kwa moto wa gesi: kivulini, mpaka liwe jekundu la giza, halafu uliache lipoe lenyewe bila maji. Likipoa linarudi kukubali. Na kama umetanua kupita kiasi mahali fulani, pasha doa dogo la ukubwa wa kifungo mpaka liwe jekundu, gonga kulizunguka huku chuma kikiwa chini yake, kisha ulipoze kwa kitambaa kibichi. Litajivuta.

Kusawazisha

Umbo likishapatikana, bado lina matuta. Shika chuma cha mviringo kinacholingana na mkunjo wa mahali hapo, kiweke ndani, na upige nje kwa nyundo ya chuma iliyong'arishwa. Pigo liwe jepesi, la kifundo cha mkono, siyo la bega. Sikiliza: nyundo na chuma vikikutana sawasawa bati likiwa katikati, sauti ni kali na safi. Ukikosea mahali, sauti inakuwa butu, na umeongeza shimo.

Kisha pitisha tupa pana, laini, kwa kulaza, bila kukandamiza. Vilima vitang'aa, mabonde yatabaki meusi. Gonga mabonde kutoka ndani, pitisha tupa tena. Saa za alasiri, jua likiwa limelala, lisogeze tanki mpaka mwanga uteleze juu yake. Utaona bonde ambalo mkono hauhisi.

Hapa ndipo kijana huuliza, "Shikamoo fundi. Kwani si tutapiga puti tu?" Marahaba mwanangu. Puti, ule ujazo unaopakwa chini ya rangi, iwe nyembamba kama rangi yenyewe, ya kuziba mikwaruzo. Ukiijaza mabonde, joto la injini, jua na mtikisiko vitaipasua, na petroli ikimwagika wakati wa kujaza itaingia kwenye ule ufa na kuibandua yote.

Upande wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa sasa una wa kulinganisha. Kata vipimo vya boksi gumu kutoka ubavu uliokamilika, kila sentimita 5, uvigeuze na kuvitumia ubavu wa pili. Macho ya watu hayaoni pande mbili kwa pamoja isipokuwa kwa mbele, kwa hiyo pua ndiyo ilingane kabisa.

Mgongo na sakafu

Hizi ni za kukunja. Bana bati kati ya engo mbili, gonga kwa nyundo bapa ukienda mwanzo hadi mwisho mara kadhaa badala ya kumaliza kona mahali pamoja. Mgongo uache nafasi ya milimita 8 au 10 kila upande wa chesisi kwa ajili ya raba. Sakafu iwe na mteremko kuelekea koki. Kumbuka mafuta yatakaa pande zote mbili za mgongo; kama koki ni moja, mafuta ya upande wa pili yaliyo chini ya kimo cha mgongo hayatafika kamwe isipokuwa uweke vichuchu (vibomba vifupi) viwili chini na mpira wa kuunganisha pande hizo.

Vinavyochomelewa kabla ya kufunga

Shingo ya mfuniko, kiti cha koki, vichuchu, na masikio ya kufungia tanki, vyote vichomelewe wakati bado unaweza kuingiza mkono ndani. Masikio usiyachomelee moja kwa moja kwenye bati la geji 20. Weka kwanza kiraka cha bati nene chenye kona za mviringo, kisha sikio juu yake, la sivyo mtikisiko utalirarua. Kwa tanki refu weka ndani ukuta mmoja wenye matundu makubwa ili mafuta yasikimbilie mbele kila unapofunga breki. Shingo isimame mahali ambapo hewa haitabaki imenaswa juu yake wakati wa kujaza. Na mfuniko lazima uwe na tundu la kupumulia: bila hilo pikipiki inazimika njiani huku tanki limejaa, kisha injini inakubali kuwaka tena ukiufungua mfuniko.

Kuunga

Sehemu hii wengine huitaka kwa mashine ya vijiti ya nyumbani. Bati la milimita 0.9 kwa kijiti cha milimita 2.5 linatoboka. Ushauri wangu: shika mwenyewe kwa nukta, yaani vichomeo vidogo vya kushikilia tu, kisha upeleke kwa fundi mwenye gesi ya oksijeni na asetilini au mashine ya TIG (ya umeme yenye ncha isiyoyeyuka). Mshono wa gesi na wa TIG ni laini, unaweza kugongwa ukanyooka. Wa MIG (mashine inayolisha waya yenyewe) unashika vizuri lakini ni mgumu, ukigongwa unaweza kupasuka. Ukiutumia, waya uwe wa milimita 0.6 au 0.8.

Kingo zikutane uso kwa uso bila kulaliana na bila mwanya. Mwanya wa kuingiza wembe tayari ni mkubwa. Ikibidi pitisha tupa siku nzima, pitisha. Weka nukta kila sentimita 2 au 3, ukirukaruka kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine, na baada ya nukta kadhaa gonga mshono juu ya chuma ili urudi mahali pake. Mshono wenyewe nao usichomwe kwa mkupuo: sentimita 3 hapa, 3 kule, acha upoe. Bati likiungua mfululizo linajikunja, na kazi ya nyundo inapotea kwa dakika chache.

Kupima uvujaji

Usilipeleke tanki kwa fundi pancha alijaze upepo. Ubavu wa sentimita 40 kwa 25 una eneo la sentimita za mraba 1,000. Upepo wa baa moja tu, yaani msukumo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, unausukuma kwa nguvu ya kilo 1,000 hivi, na tumbo ulilolifua litavimba. Pumzi ya mdomo kwa mpira mrefu inatosha. Ziba matundu yote, puliza, bana mpira, pakaza maji ya sabuni kwenye kila mshono na utazame mapovu.

Kipimo cha pili ni kikali zaidi. Pakaza chokaa ya maji nje ya mishono yote, iache ikauke iwe nyeupe. Mimina mafuta ya taa ndani, uligeuze tanki kila upande kwa saa kadhaa. Mafuta ya taa hupenya hata mahali ambapo maji hayapiti, na popote palipo na tundu chokaa itafanya doa jeusi. Weka alama. Kabla ya kurudi kwenye moto, osha ndani kwa maji ya moto na sabuni kama tulivyofanya kwa tanki la zamani, kisha lijaze maji mpaka karibu na mahali pa kuziba. Usizibe uvujaji kwa puti wala gundi kutoka nje, mafuta yataisukuma.

Ndani, rangi na kufunga

Ili kung'oa kutu ya ndani, tia nati kiganja kimoja pamoja na siki, tikisa sana, acha usiku, tikisa tena. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kisha maji safi, kisha ukaushe siku hiyohiyo juani huku ukiligeuza. Zihesabu nati zinazotoka. Mara tu likikauka, zungusha ndani mafuta ya injini yaliyochanganywa na petroli kidogo, ukiwa mbali na moto wowote, kwa kuwa kutu mpya hapa pwani huanza ndani ya saa chache.

Nje, sugua, futa kwa tina, piga praima siku isiyo na unyevu. Msimu wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha, ndio mzuri kwa rangi. Kati ya Novemba na Aprili utasubiri sana. Malizia kwa kliya (ile ya juu inayong'aa bila rangi) inayovumilia petroli.

Lifunge juu ya raba, boliti zibane mpaka raba ikae, siyo mpaka ijikunje. Weka chujio kwenye mpira wa mafuta. Jaza lita mbili kwanza, fungua koki, liache lisimame nje usiku kucha juu ya boksi kavu, ukague boksi asubuhi. Kisha jaza kabisa: tanki lililojaa lina nafasi ndogo ya unyevu. Baada ya wiki za mwanzo barabarani, kaza boliti, pitisha kidole chini ya masikio na kwenye kona za sakafu, na ubadilishe chujio, kwa sababu vumbi la kutu na la msasa lililobaki ndani litakuwa limejikusanya humo.